Pawasaplai isiyo na feni kwa chumba cha kurekodi: tazama kasha kabla ya wati

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina chumba kidogo cha kurekodi sauti hapa Dar es Salaam. Kuta nimezipigilia magodoro, na mlango hufungwa nikianza kurekodi. Kompyuta iko humo humo: prosesa ya Ryzen 5 7600, RAM ya GB 32, SSD mbili, na karibuni naongeza kadi ya picha ya RTX 4060 kwa kazi za video. Feni ya pawasaplai inaingia kwenye maikrofoni. Nimeona zipo zisizo na feni kabisa. Je, nichukue ya wati 700 ili niwe salama? Kasha langu linaweka pawasaplai chini, imefunikwa na bati. Fundi ameniambia nisipoteze hela, nikate tu waya wa feni kwenye hii niliyonayo.

Jibu: Nianze na ushauri wa fundi, maana una hatari. Usikate waya huo. Pawasaplai ya kawaida (boksi linaloipa kompyuta umeme) imewekewa hitisinki ndogo (vipande vya chuma vya kutawanya joto) kwa kuwa aliyeiunda alitegemea upepo upite juu yake. Ukiuondoa upepo, mashine itawaka na itafanya kazi, pengine kwa wiki kadhaa, huku kapasita zikichemka ndani. Kapasita za elektroliti hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka. Siku zikifa, zinaweza kuondoka na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Tena hilo ndilo dogo. Pawasaplai za kisasa zenye PFC (saketi inayosawazisha namna umeme unavyovutwa) huuchukua umeme wa ukutani na kuupandisha hadi volti 380 au 400 za DC, kisha huziweka kwenye kapasita kubwa. Kapasita hiyo hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Kuna watu wameumia kwa kudhani kilichochomolewa kimekufa.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mwenye kelele ni pawasaplai kweli. Ryzen 5 7600 ya boksi huja na feni ndogo ya Wraith Stealth, na hiyo ni mshukiwa mkubwa kuliko pawasaplai. Washa mashine, iache dakika kumi ipate joto, kisha ingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) ushushe feni ya prosesa na za kasha hadi kiwango cha chini kabisa. Kama BIOS haikubali kuzisimamisha, fungua ubavu wa kasha na uguse kitovu cha feni moja moja kwa ncha ya kidole, sekunde tatu au nne zinatosha. Usiguse visu vya feni, na usiingize kitu chochote kwenye pawasaplai. Kingine kinachosaidia ni bomba la karatasi ngumu la kama nusu mita: weka ncha moja sikioni, nyingine ipitishe polepole mbele ya kila kifaa. Feni zote nyingine zikisimama na mvumo ukabaki uleule nyuma ya mashine, hapo ndipo pawasaplai ina kesi ya kujibu. Mvumo ukiisha, nunua kipoza prosesa cha mnara chenye feni ya milimita 120, na pawasaplai uiache ilivyo.

Tuseme umethibitisha. Sasa tuhesabu wati, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapolipia kisichohitajika.

Prosesa yako imeandikwa wati 65, lakini soketi ya AMD inairuhusu kuvuta hadi wati 88. RTX 4060 imewekewa kikomo cha wati 115. Mazabodi, RAM, SSD mbili, feni na vifaa vya USB ukivipa wati 40 umevitendea haki. Jumla ni wati 243, na utaifikia tu prosesa na kadi zikikamuliwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata kutoa video kwa kawaida hakulifanyi muda wote. Ukiwa unarekodi sauti, na kadi imetulia, mashine hii itakuwa inakula wati 50 hadi 70 tu.

Pawasaplai ya wati 450 au 500 itakuwa karibu na nusu ya uwezo wake katika saa yake ngumu. Hapo ndipo unapotaka iwe. Ufanisi huwa juu zaidi karibu na nusu ya mzigo, na bado kuna nafasi ya kumeza yale mavuto ya ghafla ambayo kadi za picha hufanya kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Wati 700 hazitakudhuru, ila tazama zinakupa nini. Kwa umeme wa volti 230, cheti cha ufanisi cha 80 Plus kinadai asilimia 88 kwenye nusu ya mzigo kwa Bronze, 92 kwa Gold, 94 kwa Platinum na 96 kwa Titanium. Kwa mzigo wako wa wati 243, Bronze itageuza wati 33 kuwa joto ndani ya boksi lake. Gold itageuza 21, Platinum karibu 16, Titanium 10. Ukilinganisha hizi utaona kwa nini pawasaplai zisizo na feni karibu zote ni Platinum au Titanium: ni vigumu kwa hitisinki ya ukubwa huo kuondoa wati 33 kwa hewa tulivu kwa miaka. Utaona pia kwamba kutoka Platinum ya 450 kwenda Titanium ya 700 unaokoa wati tano au sita za joto kwa bei iliyopanda sana. Fedha hiyo ina kazi nyingine kwenye mashine yako, na kazi hiyo ni kasha.

Wati 16 si joto la kutisha. Tatizo ni jirani zake. Prosesa na kadi zinamwaga wati 200 ndani ya kasha hilo hilo, na pawasaplai isiyo na feni haina namna ya kujivutia hewa ya nje. Inategemea hewa moto ipande yenyewe na kutoka. Kwa hiyo matundu yake makubwa yanatakiwa kutazama juu, na juu yake pawe wazi. Hili ni kinyume cha pawasaplai yenye feni, ambayo kwenye makasha ya siku hizi hulazwa ikitazama chini ili ivute hewa kupitia sakafu ya kasha. Ukiinunua isiyo na feni na kuilaza kwa mazoea, joto linabaki limegandamizwa kwenye transfoma na kapasita. Ukiilaza sawasawa ikitazama juu ndani ya kasha lako la sasa, inatazama bati lililo sentimita chache juu yake. Matokeo ni yaleyale, tofauti ni muda tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni hili: kwa kasha ulilonalo, usinunue isiyo na feni. Ama ubadilishe kasha, ama uchukue ya aina ya pili nitakayoieleza hapo chini.

Ukibadilisha kasha, tafuta moja kati ya mipangilio miwili. Wa kwanza ni pawasaplai juu, paa la kasha likiwa na matundu mapana: joto lake linatoka moja kwa moja, ingawa linapokea pia la prosesa. Wa pili ni pawasaplai chini bila bati la kufunika, au bati lenye matundu eneo lote, pamoja na feni moja ya milimita 140 nyuma inayotoa hewa. Mimi napendelea huu wa pili. Najua umesema unataka ukimya, na mimi nakuongezea feni. Lakini feni kubwa inayozunguka polepole ni kitu kingine kabisa: Noctua NF-A14 PWM, kwa mfano, hufika mizunguko 1,500 kwa dakika ikikimbia, na inashuka hadi 300. Iweke kati ya 400 na 500. Kwa mwendo huo maikrofoni iliyo mita moja haitaisikia, lakini hewa ndani ya kasha inatembea, na kwa pawasaplai isiyo na feni hewa inayotembea kidogo inazidi kwa mbali hewa iliyosimama. Mashine isiyo na feni hata moja inawezekana, ila inataka kasha ambalo lenyewe ni hitisinki, na prosesa na kadi zilizopunguzwa nguvu.

Halafu kuna joto la Dar. Miezi ya Desemba hadi Machi hewa ya nje mchana hucheza kwenye nyuzijoto 31 au 32. Chumba chenye magodoro ukutani na mlango uliofungwa kinapanda zaidi ya hapo, na ndani ya kasha usishangae kukuta 45. Sasa chukua karatasi ya vipimo ya pawasaplai unayoitaka, utafute mstari wa joto la kufanyia kazi. Baadhi wanaahidi wati zote hadi nyuzijoto 50. Wengine wanaahidi wati zote hadi 40, kisha zinapungua taratibu hadi asilimia 80 kwenye 50. Ya wati 450 ya aina hii ya pili, kwenye 50 ni ya wati 360. Kwa mzigo wako wa 243 bado inatosha. Kwa mtu mwenye kadi ya wati 250 hesabu hiyo ingekuwa imefeli, na asingejua sababu.

Kufeli kwenyewe kuna sura yake. Mashine inazima ghafla, bila onyo, baada ya saa moja au mbili za kazi nzito. Unabonyeza kitufe, haiwaki. Unaiacha dakika ishirini, inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Huo ni ulinzi wa joto umefanya kazi yake, na ni ishara kwamba hewa haitoki. Ikizima papo hapo kadi inapoanza kazi, hilo si joto. Ni mkondo umezidi, au kebo ya kadi haijashikwa vizuri. Pawasaplai isiyo na feni ambayo karatasi yake haitaji ulinzi wa joto (mara nyingi huandikwa OTP) iache dukani.

Sasa ile aina ya pili. Kuna pawasaplai zenye feni ambayo haiwaki mpaka mzigo au joto lifike kiwango fulani. Wauzaji huziita za nusu-kimya, na mara nyingi zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua mtindo huo. Chukua ya Gold au Platinum, wati 650 hadi 750, kutoka kampuni inayoeleza kiwango hicho kwa maandishi. Ukiwa unarekodi kwa wati 60, feni imelala kabisa. Jioni ukiwa unatoa video, maikrofoni imezimwa, feni inaamka na kuokoa vifaa. Hapa wati nyingi zina maana, kwa sababu kadiri pawasaplai ilivyo kubwa kuliko mzigo ndivyo feni inavyochelewa kuamka. Kwa kazi yako ya kurekodi kwanza na kukamua baadaye, katika chumba chenye joto na kasha lenye bati, ningekushauri hii bila kusita. Inakaa ikitazama chini kama kasha linavyotaka, na ni rahisi kuipata kuliko isiyo na feni. Kasoro yake ni moja: baadhi huwasha na kuzima feni kila baada ya dakika chache mzigo ukicheza kwenye mpaka, na sauti inayokuja na kuondoka hukera sikio kuliko inayodumu. Ukikutana na hilo, punguza mzigo. Kwenye BIOS ya AMD kuna Eco Mode, inayoshusha prosesa yako kutoka wati 88 hadi 61 na utapoteza kasi kidogo sana. Kadi nayo inakubali kuwekewa kikomo cha nguvu kwa programu.

Ukiamua kwenda kwenye isiyo na feni, majina ya kuulizia si mengi. Seasonic wana Prime Fanless PX-450 na PX-500, zote Platinum za umbo la ATX (umbo la kawaida la kompyuta za mezani), na TX-700 ya Titanium. SilverStone wana Nightjar NJ450-SXL, wati 450 za Platinum kwa makasha madogo ya SFX-L. Kwa mashine isiyo na kadi ya picha kuna HDPLEX ya GaN ya wati 250, ndogo mno, ambayo inataka ishikane na bati la kasha ili imwage joto. Ukikuta dukani boksi limeandikwa 'wati 600, kimya kabisa' kwa jina usilolijua, ipime mkononi. Isiyo na feni ya kweli ni nzito, kwa sababu ndani yake kuna alumini nyingi. Kisha soma lebo: tafuta ampea za laini ya volti 12 uzizidishe kwa 12. Ampea 37 ni wati 444, hiyo ni ya 450 ya haki. Ikiandika ampea 20, una wati 240 hata kama boksi linatangaza 600.

Na kama msomaji mwingine ana HP, Dell au Lenovo ya ofisini iliyotumika, asikimbilie kununua ATX. Nyingi ya hizo zina plagi zao wenyewe kwenye mazabodi, na ATX ya kawaida haitaingia bila adapta.

Kuna sauti ambayo pawasaplai isiyo na feni haiiondoi, bali huifichua. Koili na transfoma hutetemeka umeme unapopita, na feni ikiondoka unausikia mlio mwembamba, kama wa mbu, hasa kadi inapochora picha kwa kasi kubwa bila sababu. Mlio huo mara nyingi unatoka kwenye kadi yenyewe. Weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, mlio mwingi utaisha. Ukibaki hata mashine ikiwa imetulia, rudisha bidhaa mapema, ndani ya muda wa duka kukubali kubadilisha. Usingoje, hauponi kwa kuzoea.

Suala la ethi (waya wa ardhini) wengi hawaligusi, na kwa mtu wa sauti ni kubwa. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la juu halijaungwa na kitu. Pawasaplai ina kapasita za kuchuja umeme zinazounganisha laini na nyutro kwenye bodi la chuma. Bila ethi, bodi la kompyuta linaelea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo, lakini ukigusa kona ya kasha kwa mgongo wa mkono utahisi msisimko, na kwenye rekodi utasikia mvumo ambao utaulaumu kwa maikrofoni, kebo na kila kitu. Mwite fundi umeme apime ethi kabla hujanunua kifaa cha sauti kipya.

UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nayo ichague kwa macho mawili. Pawasaplai zenye PFC hupenda wimbi laini la saini (sine wave). UPS za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi umeme ukikatika, na baadhi ya mashine hapo hapo huzima au pawasaplai huanza kunguruma. Kwa wati 243 na skrini, UPS ya VA 1000 yenye wimbi la saini inakutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Iweke nje ya chumba, kwa sababu UPS yenyewe ina transfoma inayovuma, na nyingi zina feni.

Nikiwa kwenye kuweka vitu nje: kama ukuta wako unaruhusu tundu la nyaya, kuitoa kompyuta yote nje ya chumba kunamaliza kelele na joto kwa pamoja. Kebo ya USB 2.0 inakwenda mita 5, na vifaa vingi vya sauti vinatumia hiyo hiyo. Wengi wangemaliza hapa na kubaki na hela yao.

Ukishafunga ya kwako, yoyote utakayochagua, ijaribu katika hali mbaya kabla ya kuiamini. Subiri saa nane mchana, funga mlango, kisha endesha kazi ya video inayokamua prosesa na kadi kwa saa nzima. Soma joto la prosesa na SSD kila robo saa. Kwa isiyo na feni, weka kiganja juu ya matundu yake mashine ikiwa bado inafanya kazi: hewa yenye joto inapaswa kuwa inapanda. Kama bodi lake ni la moto kiasi kwamba huwezi kuacha mkono sekunde tano, hewa haitoki. Ongeza mwendo wa feni ya nyuma kwa mizunguko 100, kisha jaribu tena.

Matundu yanayotazama juu hupokea vumbi linaloshuka, na hapa kwetu hupokea pia mende na mijusi, ambao wanapenda joto na wanaweza kuunganisha sehemu zisizotakiwa kuungana. Funika paa la kasha kwa wavu wa matundu mapana wa sumaku. Wavu mzito wa mbu usiutumie, unaziba hewa. Kila baada ya miezi mitatu zima, chomoa, ondoa wavu, na uupige brashi kavu ukiwa nje ya chumba.